Kifaa kikitekwa, data isiende nacho

Ndugu, umeuliza kama inatosha kuweka nakala kamili ya data kwenye kila kifaa cha kikosi, kwa kuwa mtandao wa uwanjani hukatikakatika. Data itapatikana, sawa, lakini adui akiteka kifaa kimoja tu amepata kila kitu.

Mimi ningelisimba faili kwanza kwa AES-256 (njia ya kugeuza data isisomeke bila ufunguo wa siri), kisha niligawe vipande 6, ambapo 4 vyovyote vinatosha kulirudisha. Vifaa 2 vikipotea, faili bado lipo, na umetumia nafasi mara 1.5 tu ya ukubwa wa faili. Nakala 3 kamili zingekula mara 3.

Ufunguo wa kufungulia faili hilo ndio wa kuhangaikia zaidi. Tumia mbinu ya mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir ya mwaka 1979: ugawe hisa 5, zitoshe 3 kuuunda upya, mwenye 2 haambulii chochote. Ila tafadhali, hisa 3 zisipande gari moja! Hapo ndipo mpango mzuri huharibika.

Vyeti vya vifaa, yaani vitambulisho vya kidijitali vinavyothibitisha kuwa kifaa ni cha kikosi, navyo viwe vya muda mfupi, viishe vyenyewe hata makao makuu yasipopatikana hewani.