Kijitabu Kimejaa Chanjo, Bado Mtazame Mtoto

Nyinyi mnaoanza zamu wodi ya watoto hapa Mombasa mmeikuta kazi iliyobadilika. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001, ikafuata ya nimokoka mwaka 2011; wote wawili ni bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kule Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kwa miaka mingi wameotesha maabara damu ya watoto wanaolazwa ili kuona bakteria waliomo, maradhi makali ya aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa takriban asilimia 92 kwa walio chini ya miaka 5. Ni neema kubwa. Lakini ugonjwa usioonekana mara kwa mara ni rahisi kuupita.

Kwa hiyo dozi za wiki ya 6, 10 na 14 zikiwa zimejazwa zote kwenye kijitabu chake cha kliniki, usilegee. Hazimkingi mtoto na bakteria wengine kama salmonela wa damu, E. kolai, klebsiela wala stafilokoka. Na kichanga wa siku chache hajazifikia kabisa: kwake mwili wa baridi uogope kama homa, na akikataa titi mlaze wodini.

Kosa ninaloliona sana ni kufunga faili kipimo cha malaria kikitoka chanya. Utafiti wa huko huko Kilifi ulionyesha kuwa malaria yenyewe humfanya mtoto ashambuliwe na bakteria kwa urahisi. Mtoto aliyelegea, mikono na miguu baridi, apewe dawa za yote mawili. Uliza pia kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, maana Pwani ipo kwa wingi, na watoto hao nimokoka huwaua haraka.

Fungua leso, umwone kifua. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Anapumua haraka mno zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 mpaka atimize mwaka, 40 mpaka miaka 5. Kifua cha chini kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, huyo si wa kurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi.

Nyanyake akisema ni dege au nyuni, usimcheke. Anakueleza degedege aliloliona kwa macho yake. Muulize lilidumu muda gani na kama mtoto alizinduka vizuri baadaye. Asipozinduka, fikiria homa ya uti wa mgongo. Hapo utahitaji maji ya mgongo, na wazazi wengi huogopa kuwa sindano hiyo inapoozesha. Kaeni chini. Waonyeshe kwa kidole kuwa inachomwa chini ya pale uti unapoishia, na waambie kipimo kitakusaidia kujua dawa gani na kwa siku ngapi. Baba akiwa kazini bandarini, mpigie simu, maana mara nyingi mama hatakubali peke yake. Ila dawa isisubiri mjadala: mtoto mahututi aanze sindano zake sasa hivi.

Jambo jingine: muulize mama, kwa upole, mtoto ameshapewa dawa gani kutoka duka la dawa. Ukimgombeza atakuficha. Dozi mbili tatu za antibiotiki zinatosha kufanya damu na maji ya mgongo yasioteshe kitu, na bakteria bado wapo. Majibu ya namna hiyo yakirudi safi kwa mtoto ambaye bado shingo ni ngumu, usimkatizie dawa.