Giaboksi Iliyokauka Oili: Isome Kabla ya Kuifungua

Magari ya magurudumu manne yanayotoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda Walungu, Mwenga na Kamituga, au yanayoteremka mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira, huharibu giaboksi nyingi kuliko inavyostahili. Kwa niliyoyaona garajini, chache kati ya hizo hufa kwa uzee. Nyingi hutembea bila oili, huanza kulia, mwenye gari huambiwa atafute nyingine ya okazioni (iliyokwisha kutumika), na ile ya zamani hutupwa nyuma ya garaji bila mtu kujua kilichoiua. Baada ya muda ile ya pili nayo hulia vilevile, kwa kuwa kasoro iliyoikausha ya kwanza haikuguswa. Ushauri wangu kwa wenye magari, mashoferi na mafundi wenzangu ni kwamba giaboksi iliyokauka isomwe kwanza, spana zifuate baadaye.

Ili kuisoma, lazima kuelewa jinsi inavyopata oili. Giaboksi nyingi za mkono hazina pampu. Shafti ya chini, pamoja na gia zake, imezama kwa sehemu ndani ya oili, na inapozunguka huirusha juu kwenye shafti kuu. Gia za shafti kuu zimekaa juu ya beringi za sindano ambazo hazigusi oili iliyotulia chini. Zinaishi kwa kile kinachorushiwa kwao. Kiwango kikishuka, oili iliyobaki inaweza kutosha kulowesha meno ya chini huku beringi za juu zikisagana chuma kwa chuma. Katika giaboksi nyingi za gia 5, gia ya 5 iko nyuma kabisa, mbali na oili nyingi, na ndiyo huungua mapema. Milima yetu huongeza tatizo: unapoteremka Ngomo, oili yote hukimbilia mbele na kuacha nyuma pakavu, unapopanda, beringi za mbele ndizo zinazonyimwa. Upungufu ambao gari lingeuvumilia kwa muda mrefu kwenye uwanda wa Ruzizi unaweza kulimaliza kwenye mteremko huo.

Swali la kwanza, kabla ya kusikiliza kelele yoyote, ni hili: oili imekwenda wapi? Kizibo cha chini kilichogongwa na jiwe hujionyesha chenyewe, na sili ya nyuma (pete inayozuia oili kutoka) inayovuja huchafua chasisi na propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi huipita bila kuiangalia, nayo ni kipumulio, yaani kitundu cha kutolea hewa, kilichozibwa na matope. Giaboksi ikipata joto, hewa iliyomo hupanuka, na ikikosa pa kutokea husukuma oili ipite kwenye sili ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Kisha gari huingia mtoni likiwa la moto, hewa ile husinyaa ghafla, na maji huvutwa ndani kupitia sili zilezile. Oili inayotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Linaniuma sana kuona sili mpya zikifungwa kwenye gari ambalo kipumulio chake bado kimejaa udongo wa Mwenga, kwa sababu kukisafisha kunahitaji waya mwembamba na mazutu (dizeli) kidogo tu.

Njia inayodanganya watu kuliko zote ni ile ambayo oili haidondoki ardhini kabisa. Nakumbuka Land Cruiser 75 yenye injini ya 1HZ na giaboksi ya H55F, mali ya mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Kamituga. Lilifika likilia karibu katika gia zote, na garaji lililolipokea kabla yetu lilikuwa limekwisha kuamua kwamba inunuliwe giaboksi nyingine. Shoferi wake, kijana makini, aliniambia kwa uchungu: «Mzee, nasema kweli, kila asubuhi ninaangalia chini ya gari, sijaona hata tone.» Nikamjibu: «Nakuamini, kijana wangu. Lete spana, tuanze na transfa.» Tulipolegeza kizibo cha kujazia cha transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, oili ilitoka kwa kishindo ikatiririka mpaka kwenye kiwiko changu. Tulipofungua kile cha giaboksi, ambako oili inatakiwa kufika kwenye mdomo wa chini wa tundu, kidole kiliingia chote kikatoka kikavu.

Katika Land Cruiser za namna hiyo, giaboksi na transfa zimeshikana, kila moja ikiwa na oili yake, na kinachozitenganisha ni sili iliyozunguka shafti inayopita kati yao. Sili hiyo ikichakaa, oili ya giaboksi huhamia transfa kidogo kidogo. Huko hujaa kupita kiasi, hutoa povu, hupata joto, na mwishowe hutokea kwenye kipumulio au sili za transfa, ndipo fundi asiyepima hubadilisha sili za transfa na kujiona amemaliza kazi. Kuongeza oili kwenye giaboksi ya aina hii ni kuilisha transfa. Kwa hiyo fungua vizibo vyote viwili siku moja, gari likiwa mahali tambarare, na uanze na vizibo vya kujazia kabla ya vile vya kumwagia. Kizibo cha kujazia kikigoma kufunguka baada ya kumwaga oili yote, gari limekwama hapo lilipo.

Ukishajua oili ilikokwenda, sikiliza. Acha injini ingurume gia zikiwa huru, mguu ukiwa mbali na pedali ya klachi. Kama kuna mlio unaokatika unapokanyaga klachi, tafuta kwenye beringi za shafti ya kuingilia au za shafti ya chini, kwani hizo ndizo zinazosimama klachi inapokanyagwa. Kama mlio unaanza unapokanyaga, beringi ya klachi yenyewe ndiyo ya kushukiwa, na giaboksi haina hatia. Barabarani, linganisha gia ya 4 na nyingine. Katika giaboksi hizi gia ya 4 huunganisha shafti ya kuingilia na shafti kuu moja kwa moja, hivyo mzigo haupiti kwenye shafti ya chini. Mlio ukitulia sana kwenye gia ya 4 na kurudi kwenye gia nyingine zote, shafti ya chini na beringi zake zimeumia. Mlio wa gia moja peke yake ni wa gia hiyo. Gia inayokwaruza wakati wa kuingia imechoka pete ya sinkronaiza, ile inayolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, na gia inayoruka yenyewe unapoachia mafuta mara nyingi ina ulegevu kwenye beringi au meno yaliyolika ya kuishikilia.

Kisha mwaga oili iliyobaki kwenye sahani nyeupe, upeleke juani, ukoroge taratibu kwa sumaku. Hatua hii siiruki kamwe. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo ni wa kawaida kwa giaboksi iliyotembea. Vipande bapa vyenye kung'aa, vyembamba kama magamba ya sambaza, wale samaki wadogo, hutoka kwenye beringi inayobanduka. Kipande kizito chenye pembe ni jino. Sindano nzima zikionekana, usiwashe tena injini. Sasa ondoa kila kilichoshikwa na sumaku na utazame kilichobaki: vumbi la manjano linaloelea na kumetameta ni la pete za sinkronaiza, kwa kuwa shaba haishikwi na sumaku. Nusa pia oili yenyewe. Oili nyeusi yenye harufu kali ya kuungua inaonyesha kwamba joto lilikuwa kubwa, hata kama chuma kilichopatikana ni kidogo.

Kama hakuna mlio, gia zinaingia vizuri na sahani ina uji wa kijivu tu, ziba ilipovuja, jaza oili mpya na uifuatilie. Kama kuna mlio, kujaza oili na mlio ukanyamaza hakumaanishi kwamba giaboksi imepona. Oili mpya hutuliza beringi iliyobanduka kwa muda, na muda huo huisha gari likiwa mbali na garaji.

Ukilazimika kuifungua, osha kila kitu kwa mazutu safi na uangalie rangi ya chuma. Shafti au gia iliyogeuka buluu imepata joto lililopunguza ugumu wake; haifai kurudishwa hata kama meno yake yanaonekana mazima, na hapa sikubaliani na wanaoipiga msasa na kuirudisha. Zungusha kila gia kwa mkono juu ya shafti yake: inayokwama au inayocheza imemaliza beringi yake ya sindano. Pete ya sinkronaiza ikandamize kwenye koni ya gia yake, ujaribu kuizungusha, inatakiwa ing'ang'anie. Kisha pima nafasi kati ya pete na gia kwa geji ya visu. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota kikomo kiko kati ya milimita 0.6 na 0.8 kulingana na aina, na chini ya hapo pete ibadilishwe. Beringi zibadilishwe zote pamoja, kwa kuwa chenga zilizotoka kwenye moja zimepita ndani ya nyingine. Zipashe moto ndani ya oili zisizidi nyuzi 120 za Selsiasi, zitaingia kwenye shafti bila nyundo.

Sili mpya nayo inataka uangalifu. Pitisha ukucha mahali ambapo mdomo wa sili husugua shafti. Kama ukucha unakwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja siku za mwanzo kabisa, na dawa yake ni kuikalisha mbele au nyuma kidogo ya mfereji huo, au kuvisha shafti kijibomba chembamba cha chuma. Silikoni ya kuzibia maungio ipakwe kidogo. Ile inayobanwa kuelekea ndani hukatika, huzunguka pamoja na oili, na inaweza kuziba vitundu vinavyopeleka oili kwenye beringi, hivyo giaboksi ikaungua huku imejaa oili.

Kuhusu oili yenyewe, fuata kitabu cha gari, ambacho kwa giaboksi nyingi za aina hii hutaja 75W-90. Mimi hupendelea ya daraja la GL-4 kwenye giaboksi na ya GL-5 kwenye difu (gia za ekseli), kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali za salfa ambazo kwenye joto huweza kula shaba ya pete za sinkronaiza. Nunua dumu lenye mfuniko ambao haujafunguliwa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa sokoni haina wa kukuhakikishia ilikotoka.

Na likikukuta njiani, karibu na Mwenga, jioni, mbali na duka lolote? Simama mara usikiapo mlio mpya, uache giaboksi ipoe, upime kwa kidole. Oili ya injini ya 15W-40 itakufikisha nyumbani kuliko giaboksi kavu, lakini mafuta ya kupikia na mafuta ya breki yasiingie humo hata kidogo. Endesha polepole, na penye tambarare tumia gia ya 4. Ikibidi kuvutwa, weka transfa kwenye huru, na kama safari ni ndefu ondoa propela zote mbili. Gari likivutwa huku magurudumu yanazungusha giaboksi na injini imezimwa, shafti kuu inazunguka lakini shafti ya chini imesimama, hakuna wa kurusha oili juu, na giaboksi iliyokuwa ya kutengenezeka hufika garajini ikiwa chuma chakavu.

Baada ya kufunga kila kitu, inua gari kwenye stendi imara, lipite gia zote bila mzigo, kisha litembee taratibu. Karibu na kilomita 500 mwaga oili yote na urudi kwenye sahani nyeupe na sumaku. Siku hiyohiyo pima transfa pia. Ukikuta oili ya giaboksi imeshuka na ya transfa imepanda, hata kama ni kidogo sana, sili ya kati haikukaa vizuri au shafti ina mfereji ambao hukuusikia kwa ukucha. Shusha giaboksi tena mara moja, kabla mvua za Septemba hazijaanza na barabara ya Kamituga haijawa matope.