Maswali ya wasomaji: Picha ya kifua imerudiwa, kosa la nani?

*Nilipigwa eksirei ya kifua kwa sababu ya kikohozi. Nikiwa nimeshavaa shati, nikaitwa ndani ipigwe tena. Mashine mbovu, au mimi? Na mionzi ya mara mbili haitanidhuru?*
— Msomaji, Mbagala

Mara nyingi mashine haihusiki, kaka yetu. Picha ya kifua huharibiwa na pumzi, mkao, au kitu kilichosahaulika mwilini.

Tuanze na pumzi. Ukivuta hadi mwisho, kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hushuka na mapafu hujaa hewa, ambayo hupitisha mionzi na kutoka nyeusi pichani. Anayeikagua huhesabu mbavu za nyuma upande wa kulia. Akiziona 9 au 10 juu ya kiwambo, pumzi imetosha. Akiona 7 tu, sehemu za chini za mapafu zimebanana, zinatoa weupe unaofanana na nimonia, na moyo unaonekana mpana kuliko ulivyo. Kwa hiyo usivute kwa papara. Vuta, toa, kisha vuta ya pili, maana hiyo ndiyo huingia vizuri zaidi, na usiiachie mpaka uruhusiwe.

Mkao nao una sababu zake. Unatazama bamba linalopokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele. Viwiko hivyo ndivyo vinavyoondoa mifupa bapa ya mabega isifunike mapafu. Ukijipinda hata kidogo, ncha za mitulinga (mifupa ya juu ya kifua, chini ya shingo) haziwi tena sawa kutoka kwenye uti wa mgongo, na pafu moja hutoka jeusi kuliko jingine. Bomba la mionzi huwekwa sentimita 180 kutoka kwenye bamba ili kivuli cha moyo kisikuzwe mno. Mgonjwa wa kitandani, anayepigwa picha mionzi ikiingilia mbele badala ya mgongoni, na kwa umbali mfupi, moyo wake lazima utoke mkubwa. Anayesoma picha hiyo bila kujua ilivyopigwa anaweza kumbandikia mtu ugonjwa asio nao.

Halafu vitu: mkufu, hirizi, shanga, vishikizo vya sidiria. Akina dada wenye misuko minene wasikie hili: nywele zikilala mabegani huacha michirizi juu kabisa ya mapafu, mahali palepale ambapo kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa. Zifunge juu ya kichwa.

Ziko pia picha zinazoharibiwa na kiwango cha mionzi chenyewe. Ikipungua, picha hutoka na chengachenga kama runinga isiyoshika mawimbi. Ikizidi, enzi za filamu picha ilikuwa nyeusi tii na kila mtu aliona kosa. Siku hizi kompyuta hurekebisha mwanga yenyewe, hivyo picha iliyopigwa kwa mionzi ya kupita kiasi hutoka nzuri na hakuna anayeshtuka. Kwetu sisi hilo linatia wasiwasi kuliko picha yako iliyorudiwa. Mtaalamu makini hutazama namba ya kipimo cha mionzi kwenye skrini, haridhiki na uzuri wa picha peke yake.

Kuhusu madhara: picha moja ya kifua kwa mtu mzima ni takriban milisiveti 0.02 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili), sawa na mionzi ya asili tunayoipata sote kwa siku tatu hivi. Zako mbili hazijafika wiki. Siti skani ya kifua ni jambo jingine, kwani hufika milisiveti 5 hadi 7. Ukiandikiwa hiyo, uliza inatafutwa nini.

*Kabla ya picha kupigwa mashine hulia "vuuu". Ndiyo mionzi inatoka?*
— Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabata

Bado, mdogo wetu. Kitufe kina hatua mbili. Ya kwanza huongeza joto la uzi wa tungsteni na kuzungusha anodi, yaani sahani ya chuma inayogongwa na elektroni, karibu mara 3,000 kwa dakika kwa mashine za kawaida. Ndiyo "vuuu" unayoisikia. Hatua ya pili hurusha elektroni zikaigonge sahani, na kwa kifua huwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Takriban asilimia 99 ya nguvu hiyo huishia kuwa joto, moja tu ndiyo mionzi. Sahani isingezunguka, ingeyeyuka pale inapogongwa. Ikipewa mzigo mkubwa asubuhi ingali baridi inaweza kupasuka, kwa hiyo hupashwa moto kwanza kwa mipigo midogo bila mgonjwa.

*Nina mimba ya miezi mitatu na nimevunjika kiganja. Nikatae eksirei?*
— Mama mtarajiwa, Kigamboni

Usikatae, dada, ila watajie mimba kabla hujaingia. Mwale unabanwa ukubwa wa kiganja, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno, hakina maana kiafya. Kaa pembeni ya meza, usiingize miguu chini yake wala kuinamia mkono. Picha za nyonga, kiuno na tumbo ndizo za kujadiliana na daktari kwanza.

*Daktari ameikataa picha niliyomtumia kwa WhatsApp. Kwani si ileile?*
— Msomaji, Sinza

Si ileile. Picha halisi ina maelfu ya vivuli vya kijivu, na daktari huvichezea kwenye kompyuta aone mfupa, kisha pafu. Simu hubakiza 256 tu, halafu WhatsApp huiminya tena, na ufa mwembamba wa mfupa hupotea hapo. Omba faili lenyewe kwenye CD. Kama umepewa filamu, usiikunje wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari juani: nyingi za sasa huchapwa kwa joto, na jua la Dar litaendelea kuichapa mpaka iwe nyeusi.