Kabla hujabadilisha neno kwenye mafaili mia tatu

Ndugu unayeanza kazi hii, ipo siku utaambiwa ubadilishe neno moja kwenye mradi wenye mamia ya mafaili. Ukifungua moja moja utachoka, na mengine yatakuponyoka. Kwenye mifumo ya Unix zipo amri mbili, grep ya kutafuta maneno ndani ya mafaili na sed ya kuyabadilisha, zote zilizaliwa kwenye maabara ya Bell Labs miaka ya 1970. Jina grep limetokana na amri ya kihariri cha ed, g/re/p: tafuta kila mstari unaolingana, uuchape. Kuzijua hakuchukui muda. Kilichonigharimu mimi ni haraka.

Tulikuwa na mfumo wa fomu uliotengenezwa kwa ajili ya Bara, ukatakiwa utumike Zanzibar. Bara kuna kata, Zanzibar kuna shehia. Nikaandika amri ambayo grep inatafuta mafaili yenye neno kata, kisha xargs inaikabidhi sed majina yao iyabadilishe:

grep -rl kata . | xargs sed -i 's/kata/shehia/g'

Ikamaliza papo hapo, bila neno la kulalamika. Kesho yake asubuhi mteja akapiga simu. Ukurasa wa mkataba ulisomeka "mshehiaba". Palipoandikwa "imekatazwa" pakawa "imeshehiazwa". Sed haijui Kiswahili; inaona herufi nne zimefuatana, basi.

Wazo la kwanza lilikuwa kugeuza kinyume, shehia irudi kuwa kata. Usifanye hivyo. Baadhi ya mafaili yalikuwa na neno shehia tangu mwanzo, na ukishachanganya, huwezi tena kujua lipi lilikuwa lipi. Nikakimbilia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, nayo ikagoma. Ile nukta ya kwenye grep, inayomaanisha folda lote ulimo, ilikuwa imeingia hadi ndani ya .git, folda ambamo Git hutunza kumbukumbu zake, na humo faili la index hutunza majina ya mafaili yote. Tulikuwa na mkataba.html, kwa hiyo sed ikaigusa index na kuiharibu. Index tuliiunda upya, mafaili tukayarudisha, lakini kazi ya siku mbili ambayo sikuwa nimeikomiti, yaani kuihifadhi kwenye historia ya Git, ilipotea. Iliniuma, kwa sababu kukomiti kungechukua nusu dakika.

Sasa naanza kwa kutazama tu:

git grep -nw kata -- '*.html'

Hiyo -w inataka neno zima, na -n inaonyesha namba ya mstari. Git grep hutafuta kwenye mafaili ambayo Git inayafuatilia tu, hivyo .git haiguswi. Isome orodha yote kwa macho. Ikiwa mistari ni mia tano, soma mia tano. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mimi nilipoirudia nilikuta "kata" la kitenzi kwenye maelezo ya kukata risiti, neno zima kabisa, ambalo -w isingeweza kulizuia. Mstari kama huo utarekebisha kwa mkono.

Ukiridhika, komiti kila kitu, halafu:

git grep -lwz kata -- '*.html' | xargs -0 sed -i 's/\bkata\b/shehia/g'

Hizo \b ni mipaka ya neno. Ile -z na -0 zinakwenda pamoja. Bila hizo, faili linaloitwa "fomu mpya.html" xargs italiona kama mafaili mawili. Baada ya hapo fungua git diff, inayoonyesha kilichobadilika, usome tena mstari kwa mstari.

Amri hii ni ya Linux. Ukiwa kwenye macOS, sed -i inadai kiambishi cha jina la nakala ya faili la zamani, andika -i.bak, inakubalika kote na inakuachia faili la zamani. Ukibadilisha anwani za wavuti, tumia s|http://|https://|g ili mikwaju (/) isikuchanganye. Ukibadilisha anwani ya seva, kumbuka kwamba ndani ya neno unalotafuta nukta humaanisha herufi yoyote, na kwamba 192.168.1.5 imo pia ndani ya 192.168.1.50. Na alama ya & upande wa neno jipya hurudisha neno la zamani, kwa hiyo itangulizie mkwaju wa nyuma (\).

Bado kuna "Kata" ya mwanzo wa sentensi na "KATA" ya vichwa vya fomu. Usiziunganishe kwa kuongeza I mwishoni mwa amri, maana zote zitakuwa "shehia" ya herufi ndogo. Kila moja ipe amri yake, na kila amri komiti yake.