Kwa walimu wapya wa masomo ya nyongeza Bukavu: anzeni chini

Ninyi mnaokuja kuwasaidia wafinalisti wa mtihani wa taifa, mtakuta mwanafunzi wa nne humanités, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, amekwama kwenye limiti za hesabu, na mwalimu anamweleza limiti ileile kwa mara ya tatu. Mpeni kwanza sehemu (fraksheni) mbili zenye herufi azirahisishe. Mara nyingi kalamu itasimama hapo.

Hesabuni miaka. Shule za Kongo zilifungwa Machi 2020 kwa korona. Mwezi wa nane walirudi wa madarasa ya mwisho tu, wengine wakapandishwa bila kumaliza programu. Mwaka uliofuata ulianza Oktoba, ukakatwa Desemba mpaka 22 Februari 2021. Aliyekuwa darasa la saba wakati ule alifika mtihani wa taifa mwaka 2025, naye alipoteza namba hasi na ekwesheni za mwanzo. Wa mwaka 2027 alikuwa la tano msingi. Kwake mtakuta pengo kwenye sehemu na kwenye kusoma Kifaransa. Halafu Februari 2025 vita vikaingia mjini humu, masomo yakasimama tena.

Kwa hiyo wiki ya kwanza toeni jaribio fupi la mambo ya darasa la saba na la nane. Alama msizitangaze, kwani kijana wa miaka kumi na minane akichekwa kwa sehemu hatarudi. Kisha wapangeni kwa pengo lao, hata kama mmoja ni wa pedagojia na mwingine wa biokemia.

Itemu za miaka iliyopita, yaani maswali ya mtihani ya kuchagua jibu, zinawafurahisha wazazi, najua. Lakini zikianza mapema mno, mtoto anazoea kuchagua kati ya majibu matano bila kuhesabu. Mfunikieni majibu, afanye hesabu kwenye karatasi, ndipo afunue. Na kabla hajahesabu, asome swali kwa sauti, aseme kwa Kiswahili linaulizwa nini. Wengi wanaokosa wanajua somo vizuri. Wamepita juu ya "sauf" (isipokuwa) au "n'est pas" (si) bila kuiona. Zoezi hili linachosha, linakula nusu saa nzima, na mimi nisingeliacha kwa lolote.

Insha msiisahau, maana inafanywa kwenye hors-session, sehemu ya mtihani inayotangulia, kabla ya siku nne za itemu. Ukurasa mmoja kila wiki, mrudishieni ukiwa umesahihishwa.

Saa nazo zina uzito. Anayepanda kwenda Kadutu hawezi kutoka giza limeingia, hasa msichana. Asipofika mara mbili, mpigieni mama yake. Huenda anachota maji au anauza sokoni, na mnaweza kumpatia siku nyingine.

Tena, kabla ya yote, kaeni na prefe, mkuu wa shule, mkubaliane jambo hili waziwazi: asiyelipa minervali, yaani ada ya shule, asifukuzwe kwenye masomo haya. Aliyefukuzwa darasani asubuhi ndiye anayewahitaji zaidi jioni, na akiona orodha ya madeni mlangoni kwenu pia, atageuka arudi nyumbani.