Pini za kubadilishana, anza na za mtumba
Kama wataka kuanza kukusanya pini, zile beji ndogo za chuma ambazo wakusanyaji hubadilishana, na umeona furushi la pini za Disney la bei ya chini mtandaoni, usilinunue, bei ikiwa chini vile mara nyingi huwa feki na wakusanyaji wakiigeuza tu washajua, rangi ina vishimo na kingo zakwaruza kidole, hakuna atakayebadilishana nawe. Anzia soko la Kongowea, Mombasa, kwenye makoti ya mtumba, mimi nyingi nimezitoa huko, beji ya chuma imesahaulika kwa kola na muuzaji ukimwomba vizuri akupa kwa bei ya maji. Pia ongea na skauti, kwenye jambori, ile kambi yao kubwa ya pamoja, kubadilishana beji ni desturi kabisa. Ila ukipata pini ya zamani ya enameli, ile rangi ngumu ya kung'aa kama kioo, tafadhali usiisugue na dawa ya meno, yapata mikwaruzo na thamani yashuka.