Sabato kwanza, Pasaka baadaye

SWALI: Mimi na mume wangu ni Wayahudi, na binti yetu ana mwaka mmoja na miezi minane. Pasaka iliyopita nilijaribu kumsomea kisa cha kutoka Misri, lakini kila nilipofungua kitabu aliteremka mapajani akakimbia. Wenzangu wananishauri nitumie michezo ya kugusa, kunusa na kusikiliza. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba anajifunza sikukuu na si kuchezea unga tu?
Mama Mwenye Hamu

JIBU: Dada mpendwa, alichokimbia binti yako ni maneno, maana mtoto wa umri huo hulijua jambo kwa kulishika, kulinusa na, usipomwangalia, kulitia mdomoni. Nakushauri uanzie Sabato. Pasaka humjia mara moja kwa mwaka, na kabla haijarudi ameshaisahau, ilhali Sabato humrudia kila juma kwa harufu ile ile na nyimbo zile zile.

Ijumaa mchana, jua lingali juu, mpe donge la unga ulioumuka wa hala, mkate wa kusuka wa Sabato. Mwache alibonyeze kwa kidole na kutazama shimo likijaa polepole, kisha msaidie kuvingirisha mikia mitatu na kuisuka, hata kama msuko utatoka umepinda. Asile unga mbichi. Mkate wake uoke pamoja na yenu, uuweke mezani chini ya kitambaa, nanyi muubariki mkate huo mbele yake. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili: kitu alichokichezea mchana kikifika mezani jioni na kusomewa baraka, mchezo umekwisha kuwa Sabato.

Jumamosi usiku, nyota zikishatoka, kuna Havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato, ambayo kwa maoni yangu imepangwa kana kwamba mtoto mdogo alifikiriwa tangu mwanzo. Karafuu na mdalasini hupitishwa puani, mikono huinuliwa kuelekea mwanga wa mshumaa uliosukwa, na mshumaa huo ukizimwa katika divai husikika ukilia tsss. Karafuu zishonee ndani ya kifuko cha kitambaa zisije zikampalia, na umpakate mbali kidogo na moto.

Sikukuu nyingine zichague kitu kimoja kimoja. Mwaka Mpya wa Kiyahudi una tofaa lililochovywa katika asali. Binti yako anaweza kuionja, ila mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli, na tofaa lenyewe likwanguliwe au likatwe vipande vyembamba sana. Shofa, pembe ya mnyama inayopulizwa katika sikukuu hiyo, aipapase kwanza ndipo mtu aipulize, tena kwa mbali, kwani mlio wa ghafla humtisha. Katika Sikukuu ya Vibanda mlaze chini ya paa la matawi atazame mwanga ukipenya, kisha anuse etrogi, tunda la jamii ya limau, na mihadasi, matawi yenye harufu nzuri. Purimu ni kelele: kila jina la Hamani, adui wa Wayahudi, linaposomwa katika Kitabu cha Esta, naye atikise kayamba lake.

Pasaka inahitaji uangalifu zaidi. Unga wa kuchezea uliotengenezwa kwa ngano, tambi zilizotiwa rangi na trei ya shayiri huhesabiwa hametsi, yaani nafaka iliyochachuka au inayoweza kuchachuka, na vyote sharti viwe vimeondolewa kabla sikukuu haijaingia. Wazazi wengi husafisha jiko vizuri wakasahau sanduku la michezo. Juma hilo tumia maji na mchanga: chora njia kwa kidole katikati ya trei, mwagia maji pande zote mbili, mwache apitishe wanasesere wake pakavu, kama Waisraeli walivyovuka bahari. Mezani mpe matza, mkate mkavu usiotiwa chachu, aivunje na kuisikiliza inavyolia, achovye mboga katika maji ya chumvi akunje uso. Kisa kitamsubiri mpaka aweze kuyauliza mwenyewe yale maswali manne ya usiku wa Pasaka ambayo kwa desturi huachiwa mdogo kuliko wote.